Siku za kwanza kwenye benki ya damu ya hospitali: mwongozo kwa mtumishi mpya

Kila wanapofika watumishi wapya na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, maswali hurudi yale yale. Damu ikikaa nje ya friji kwa muda gani haifai tena? Kwa nini sampuli imekataliwa ilhali damu imejaa kichupa? Na kama kundi la mgonjwa linajulikana tangu mwaka juzi, kuna haja gani ya kupima tena leo? Nimeyajibu maswali haya mara nyingi nikiwa nimesimama kando ya sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi, nusu ya maneno yakimezwa na mngurumo wake, hata nikaona ni heri niyaandike mahali pamoja.

Mwongozo huu unahusu benki ndogo za damu za hospitali za mkoa na wilaya huku kwetu Dodoma na mikoa jirani, ambako mifuko ya damu hutoka kituo cha kanda cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama ikiwa imekwisha kupimwa magonjwa, na kazi yako ni kuipokea, kuitunza, kuilinganisha na damu ya mgonjwa na kuitoa. Hauchukui nafasi ya taratibu za kazi zilizoandikwa na kusainiwa katika maabara yako. Pale ambapo hizo zinatofautiana na maelezo haya, fuata hizo.

Jambo moja nitalirudia hadi ulichoke. Mgeni wa benki ya damu huogopa kusoma tyubu, akidhani hatari iko kwenye macho yake kutotambua chembe zilizoshikamana. Hatari kubwa zaidi iko kwenye jina lililoandikwa juu ya kichupa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwanza ni mwili wako wewe. Hakikisha umepata chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi zote 3, ambazo kwa kawaida hutolewa siku ya kwanza, baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 6. Usikubali kuahirishiwa kwa maneno ya "utachanja ukishazoea kazi". Uwe na koti la maabara lenye mikono mirefu linalofungwa vifungo vyote, viatu vilivyofunika vidole, na glavu za saizi yako, kwa sababu glavu kubwa hukunjamana kwenye ncha za vidole na kukufanya uangushe tyubu.

Mezani hakikisha vipo vitu hivi:

- antisera (maji yenye kinga ya kupimia kundi) za anti-A, anti-B na anti-D ambazo muda wake haujapita (anti-A huwa ya buluu, anti-B ya njano, anti-D haina rangi);
- chembe za A na chembe za B za kupimia upande wa pili;
- seramu ya Coombs (hushikamanisha chembe zilizokwisha kunaswa na kinga) na chembe zake za uhakiki;
- maji ya chumvi ya asilimia 0.9, tyubu safi, vitoneshi na kalamu isiyofutika kwa maji;
- sentrifuji, na kifaa cha kupashia tyubu kwa nyuzi joto 37;
- friji la damu lenye kipimajoto, kasha la baridi na barafu zake;
- rejesta ya wagonjwa, rejesta ya mifuko, na saa ya ukutani inayokwenda sawasawa.

Saa nimeitaja kwa makusudi. Nusu ya mabishano kati ya benki ya damu na wodi hutokana na kutokujua mfuko ulitoka saa ngapi.

Nadharia kidogo, isiyozidi haja

Mwaka 1901 Karl Landsteiner alionyesha kwamba damu za watu hazifanani, na kwamba zikichanganywa ovyo, chembe nyekundu hushikamana. Mtu wa kundi A ana kinga dhidi ya B, wa kundi B ana kinga dhidi ya A, wa kundi O anazo zote mbili, na wa AB hana hata moja. Ukimpa mgonjwa wa kundi O chembe nyekundu za kundi A, kinga zake huzishambulia na kuzipasua ndani ya mishipa, figo huathirika, na mililita chache tu za mwanzo zinaweza kumwua. Ndiyo maana mgonjwa wa O hupewa O tu. Kuhusu Rh, yaani kuwa na alama ya D kwenye chembe nyekundu au kutokuwa nayo, mgonjwa asiye na D asipewe damu yenye D, hasa akiwa msichana au mwanamke ambaye bado anaweza kuzaa, kwa kuwa kinga atakayotengeneza inaweza kumdhuru mtoto wa mimba ijayo. Hayo yanatosha kuanzia.

Hatua kwa hatua

1. Soma joto la friji kabla ya kazi nyingine yoyote. Ukishaamkiana na wenzako, nenda kwenye friji. Damu nzima na chembe nyekundu hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 6. Andika joto, saa na jina lako kwenye chati, kisha urudie angalau kila baada ya saa 4, usiku pia. Usiandike kwa kukisia. Chati yenye "4, 4, 4, 4" wiki nzima, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, humwambia mkaguzi kwamba hakuna aliyesoma. Ndani ya friji hilo hakiingii chakula, soda wala maji ya kunywa ya mtu yeyote, awe mkubwa kiasi gani kazini.

2. Pokea mifuko kutoka kituo cha kanda. Fungua kasha ukiwa na orodha mkononi na usome kipimajoto kilichomo; safarini damu iwe kati ya nyuzi 2 na 10. Hakikisha barafu haikugusa mifuko moja kwa moja, maana chembe nyekundu zikiganda kwa baridi hupasuka, na mfuko wa namna hiyo ni sumu hata kama lebo yake haina dosari. Kwa kila mfuko soma namba, kundi, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha muda, na alama inayoonyesha kwamba umepimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Mfuko usio na alama hiyo hauingii kwenye rafu ya damu ya kutolewa, hata mgonjwa awe anasubiri mlangoni.

Kisha utazame mfuko wenyewe kwenye mwanga. Plazma (sehemu ya majimaji ya damu) iliyogeuka nyekundu au waridi, chembe zilizokuwa zambarau au nyeusi, mabonge, povu, mapovu ya gesi, au unyevunyevu kwenye mishono ya mfuko: lolote kati ya hayo likionekana, utenge na umwite mkubwa wako. Plazma nyeupe kama maziwa mara nyingi hutokana na mchangiaji kula mafuta mengi kabla ya kutoa damu, lakini usiamue peke yako.

3. Panga friji kwa makundi na kwa tarehe. Kila kundi liwe na rafu yake, mifuko ikae wima, na inayokaribia kuisha muda ikae mbele. Damu iliyohifadhiwa kwa dawa ya CPDA-1 hudumu siku 35. Chembe nyekundu zilizoongezewa maji ya SAGM hudumu siku 42. Fuata tarehe iliyo kwenye mfuko wala usihesabu kwa kichwa. Mifuko ambayo bado ina shaka ikae kwenye rafu ya chini kabisa, yenye maandishi makubwa "USITOE".

Kama hospitali yako inatunza plazma, ikae kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazikai kwenye friji kabisa: hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa muda wote, na hudumu siku 5. Hospitali nyingi za wilaya hazina mashine hiyo, kwa hiyo hutakutana nazo mara kwa mara.

4. Pokea sampuli na fomu, na uwe mgumu. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Weka kichupa na fomu kando kando mezani. Majina matatu ya mgonjwa, namba ya faili, wodi, tarehe, saa ya kuchukua damu na saini ya aliyechukua viwe sawa pande zote mbili, herufi kwa herufi. Namba ya faili ni ya lazima, kwa sababu majina huku kwetu hurudiarudia: katika wodi moja unaweza kukuta akina Mazengo wawili, na si ajabu wote wakawa Maria. Fomu ikisema "Maria Mazengo" na kichupa kikisema "Maria M.", hiyo si sampuli. Irudishe.

Usikubali kusahihishiwa lebo kaunta. Muuguzi atakuja na kalamu, akikuambia kwa upole, "Ni huyu huyu, dada, nipe niongezee hapo." Mwambie kwa upole ule ule kwamba damu ichukuliwe upya, na lebo iandikwe kando ya kitanda na yule yule aliyechoma sindano, kabla hajamwacha mgonjwa. Atanuna. Mwache anune.

Nilijifunza ukali huu nikiwa mgeni, katika hospitali ambayo sitaitaja. Usiku wa saa 8 ilikuja sampuli ya mama aliyekuwa akitokwa damu baada ya kujifungua; kichupa kilikuwa na plasta nyeupe iliyoandikwa majina mawili, mwandiko umelala kama wa mtu anayekimbia. Niliipokea kwa huruma. Kundi likaja B, wazi kabisa, pande zote mbili. Nilikuwa nimeshatoa mfuko wa B kwenye friji nilipofungua rejesta ya zamani kwa mazoea tu, nikakuta mama yule alishapimwa wakati wa mimba na alikuwa O. Kumbe vichupa viwili vya akina mama wawili vilikaa katika mfuko mmoja wa koti, na lebo ziliandikwa baadaye kwenye meza ya wauguzi. Kipimo changu kilikuwa sahihi. Damu niliyoipima ilikuwa ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo rejesta ya zamani nafungua kwanza, kabla ya kushika tyubu.

Sampuli yenyewe iwe mililita 2 hadi 4 kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, au cha chekundu kama maabara yenu inatumia seramu. Mgonjwa aliyeongezewa damu au aliyekuwa mjamzito ndani ya miezi 3 iliyopita, sampuli yake itumike kwa siku 3 tu, kisha ichukuliwe nyingine, kwa kuwa mwili wake unaweza kuwa umeanza kutengeneza kinga mpya.

5. Pima kundi pande zote mbili: kwanza chembe za mgonjwa kwa antisera, pili plazma au seramu yake kwa chembe za A na B. Osha chembe za mgonjwa kwa maji ya chumvi, kisha tengeneza mchanganyiko wa asilimia 2 hadi 5. Ukiutazama, uwe na rangi ya juisi ya rosela iliyozimuliwa, ila wenye ukungu. Andika tyubu zote kabla ya kutia kitu chochote ndani. Tia antisera kwanza, ili uone kwa rangi kwamba hakuna tyubu uliyoiruka, kisha ongeza tone la chembe. Kwa upande wa pili, tia matone 2 ya plazma au seramu ya mgonjwa na tone 1 la chembe za A katika tyubu moja, na za B katika nyingine. Zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi na muda uliopangwa kwa mashine yenu.

Soma kwa kutikisa tyubu taratibu huku ukiiangalia kitako chake. Kama chembe zinaachia polepole kama moshi, hazikushikamana. Kama zinang'oka kwa bonge au vipande, zimeshikamana. Andika jibu papo hapo, tyubu ikiwa bado mkononi. Majibu ya pande mbili lazima yakubaliane: mgonjwa wa O hatashikamana na anti-A wala anti-B, lakini seramu yake itashika chembe za A na za B. Watoto wachanga chini ya miezi 4 hawapimwi upande wa pili, kwa sababu kinga walizonazo ni za mama.

Ukilazimika kutumia kigae badala ya tyubu, soma ndani ya dakika 2. Hewa yetu ya Dodoma ni kavu, hasa kuanzia Agosti hadi mvua zinaponyesha, na tone hukauka kingoni upesi; ule ukingo uliokauka umewadanganya wengi wakaandika kwamba chembe zimeshikamana. Kwa mgonjwa anayeongezewa damu, kigae pekee hakitoshi.

6. Linganisha damu ya mgonjwa na ya mfuko. Wodini huita krosimachi, nawe utazoea kuita hivyo. Chukua chembe za mchangiaji kutoka kwenye kipande cha mrija wa mfuko kilichofungwa na chenye namba ile ile. Kamwe usifungue mfuko wenyewe. Tia matone 2 ya seramu ya mgonjwa na tone 1 la chembe za mchangiaji zilizooshwa. Zungusha na usome: hatua hii hukamata makosa ya makundi ya A, B na O. Kisha weka tyubu kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30 hadi 60, usome tena, uoshe mara 3 kwa maji ya chumvi, uongeze seramu ya Coombs, uzungushe na usome kwa mara ya mwisho.

Chembe zisiposhikamana, ongeza chembe za uhakiki za Coombs. Hizo lazima zishikamane. Zisiposhikamana, maana yake hukuosha vizuri au seramu ya Coombs imekufa, na jibu lako la "inafaa" halina thamani; rudia tangu mwanzo. Hatua hii ndiyo watu huiruka zamu ikiwa na kazi nyingi.

7. Toa mfuko kwa mtu anayestahili kuuchukua. Andika lebo ya ulinganifu yenye majina matatu ya mgonjwa, namba ya faili, kundi lake, namba na kundi la mfuko, tarehe, saa na saini yako. Anayekuja kuchukua awe mtumishi wa hospitali, aje na fomu yenye taarifa za mgonjwa. Msome pamoja kwa sauti, wewe lebo na yeye fomu, kisha asaini rejesta pamoja na saa. Mfuko hapewi ndugu wa mgonjwa, hata kama wodi ni ya jirani na muuguzi yuko peke yake. Toa mfuko mmoja mmoja, isipokuwa kwa mgonjwa anayetokwa damu nyingi, na umfungie kwenye kasha la baridi. Usimwache mtu avuke uwanja na damu mkononi jua la saa 7 mchana.

8. Linda muda. Tangu mfuko utoke kwenye friji, damu ianze kuingia kwa mgonjwa ndani ya dakika 30, na iwe imekwisha ndani ya saa 4. Ikiwa haitatumika, irudi kwako ndani ya dakika 30 hizo, mfuko ukiwa haujatobolewa. Ikipita hapo haiingii tena kwenye friji. Usikubali maneno ya "bado ya baridi, ishike uone". Mkono si kipimajoto.

Waambie wauguzi kwamba damu haipashwi moto kwa maji ya bomba, kwa jua la dirishani wala kwa mwili wa mtu. Nimewahi kukuta mfuko umefungwa ndani ya kitenge, kifuani mwa bibi mmoja aliyeambiwa aiondolee baridi damu ya mjukuu wake. Alikuwa ameukumbatia kwa upendo wote, saa nzima. Waambie pia kwamba kwenye mrija wa damu hakipiti kitu kingine isipokuwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9: dekstrosi hupasua chembe, na Ringa, kwa kuwa ina kalisi, huweza kuigandisha damu mrijani. Mgonjwa apimwe joto, mapigo ya moyo, upumuaji na presha kabla ya kuanza, na tena dakika 15 baada ya kuanza, kwa kuwa madhara makali hujitokeza mapema.

9. Tunza mabaki na usafishe. Sampuli ya mgonjwa na kipande cha mrija wa mfuko vitunzwe kwenye friji siku 7 baada ya kuongezewa damu. Sindano ziende moja kwa moja kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali, bila kurudishiwa kifuniko, na sanduku lifungwe likijaa robo tatu.

Damu ikimwagika, vaa glavu, funika kwa kitambaa au karatasi inayonyonya, mimina maji ya klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, kisha uondoe na usafishe. Kama mnatumia Jik ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya Jik na sehemu 6 za maji. Itengenezwe upya kila siku; ya juzi imekaa tu kwenye ndoo kama maji.

Ukijichoma au damu ikikurukia

Usikamue jeraha wala usilisugue kwa dawa kali. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama ni jicho, lisuuze kwa maji mengi safi. Toa taarifa saa hiyo hiyo, hata kama unamwonea aibu msimamizi, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa siku 28. Damu ya mfuko iliyokwisha kupimwa isikupe kiburi. Sampuli ya mgonjwa iliyo mkononi mwako haijapimwa.

Mambo yanapokwenda kombo

*Umeme umekatika.* Usifungue friji. Hakikisha jenereta imewaka, kisha soma kipimajoto cha nje kila dakika 30 na uandike. Umeme ukichelewa, hamishia mifuko kwenye kasha lenye barafu, ukitenganisha barafu na damu kwa kadibodi au kitambaa. Joto likipita nyuzi 6, usitoe mfuko wowote bila idhini ya msimamizi. Likipita 10, tenga yote.

*Pande mbili za kundi hazikubaliani.* Rudia kwa sampuli ile ile, ukiosha chembe upya. Angalia umri wa mgonjwa, kama aliongezewa damu karibuni, na kama antisera zako zinafanya kazi kwa chembe unazozijua. Bado ikigoma, omba sampuli mpya. Wakati mnasubiri, na hali ni ya kufa na kupona, mgonjwa hupewa chembe nyekundu za kundi O.

*Krosimachi imekataa.* Hakiki kwanza makundi ya mgonjwa na mfuko, kisha linganisha seramu ya mgonjwa na chembe zake mwenyewe. Zikishikamana na zake pia, tatizo liko kwa mgonjwa, si kwenye mfuko. Chembe zilizopangana kama sarafu zilizorundikwa huonekana kwenye hadubini na huachia ukibadilisha seramu kwa maji ya chumvi. Huko si kushikamana kwa kweli. Mfuko mmoja ukikataa, jaribu mwingine. Yote ikikataa, piga simu kituo cha kanda kabla hujamaliza akiba kwa majaribio.

*Daktari wa chumba cha upasuaji anataka damu sasa hivi, bila kulinganishwa.* Aandike na kusaini kwamba anaihitaji hivyo. Toa O, isiyo na D iwe kwanza kwa wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa, kwani huku kwetu ni adimu. Wanaume wanaweza kupewa O yenye D. Kisha endelea kulinganisha ukiwa umeshautoa mfuko, na ukiona hitilafu, piga simu hata kama mfuko umefika nusu.

*Mgonjwa ametetemeka au amepata homa, maumivu ya kiuno au mkojo mwekundu.* Wodi isimamishe damu mara moja na kubadilisha mrija mzima, ikibakiza maji ya chumvi kwenye mshipa. Wakuletee mfuko pamoja na mrija wake, sampuli mpya ya damu na mkojo. Anza na karatasi: linganisha jina, namba ya faili na namba ya mfuko kwenye kila hati. Kisha zungusha sampuli ya zamani na mpya, uweke plazma zao kando kando. Mpya ikiwa nyekundu na ya zamani ya njano, chembe zinapasuka. Fanya kipimo cha Coombs cha moja kwa moja (seramu ya Coombs juu ya chembe za mgonjwa mwenyewe), kundi na krosimachi upya kwa sampuli zote mbili. Na kama kosa ni la kubadilishana majina, mkumbuke mgonjwa wa pili, ambaye damu yake inaweza kuwa inatundikwa wakati huo huo.

*Akiba imekwisha.* Hutokea zaidi shule na vyuo vinapofungwa, kwa kuwa vijana ndio wachangiaji wetu wakubwa. Ndugu wa mgonjwa wakijitolea, apokelewe mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na aliyepumzika miezi 3 tangu alipochangia mara ya mwisho akiwa mwanamume, au miezi 4 akiwa mwanamke. Damu yao nayo ipite vipimo vyote vinne vya magonjwa. Kaka wa mgonjwa atakuapia kwamba yeye ni mzima na hana ugonjwa wowote. Mshukuru, mpe kiti, na umwambie vipimo vitachukua muda gani.